Kiula Yupo

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kama kila siku kwa miezi minane, marehemu Kiula Shila alivuta kifurushi chake.

Devota aliuona mstari ukipita kwenye skrini, akaendelea kunywa chai. Mashine za marehemu hazikuwa habari ngeni Igulamo. Mtu anakufa, mashine yake inasahaulika kabatini ikiwa bado imechomekwa kwenye umeme wa jua, na kila alfajiri inaamka, inaliita ghala, inavuta programu yake, kisha inakaa kusubiri mwili ambao uko chini ya udongo. Devota aliziita mizimu ya soketi. Alikuwa nayo mia tatu na kitu.

Ghala lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha zege nyuma ya kituo cha maji, chenye baridi ya makusudi na makabati sita ya diski. Humo zilikaa programu zote za mji: za pampu, za taa, za mashine za kusaga, na za vile vifaa ambavyo watu walivivaa mwilini. Vifaa vyenyewe vilikuwa vichwa vitupu. Waliovitengeneza zamani hawakuona haja ya kuvipa kumbukumbu, maana mtandao ulikuwa kila mahali. Kikiwashwa, kinavuta kifurushi. Kikizimwa, kinasahau kila kitu. Halafu nyaya za nje zikakatika, miaka kumi na tisa sasa. Kilichomo ghalani ndicho kilichopo, na kikifutwa hakuna pa kukiomba tena.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Shikamoo mama. Umesahau kula tena."

"Marahaba. Weka hapo mezani, si juu ya kabati."

"Najua. Kabati likipata mafuta ya maandazi, mji mzima unakufa." Jerida alisema kwa sauti ya mama yake, sawasawa kabisa, na mikono kiunoni. Alikuwa na miaka kumi na minne na sare ya shule iliyokuwa imeanza kumwacha magotini. Nyuma ya sikio la kulia alivaa kitu cha kijivu, ukubwa wa kifuniko cha soda. Sikio lake, ndivyo walivyokiita nyumbani. Bila hicho hakusikia hata radi.

"Unanikejeli."

"Kidogo tu. Leo nitachelewa kurudi, nina watoto wangu." Watoto wake walikuwa wanane, viziwi wa darasa la kwanza, aliowafundisha lugha ya alama baada ya masomo. "Haya, onyesha herufi ulizofika."

Devota aliweka kikombe chini, akainua mkono. K. I. L.

"Hiyo L ni bastola. Unataka kumpiga nani?"

"Nenda shule."

"Wiki ya sita, mama, na bado huna U."

"Sina muda, Jerida. Nikitaka kukuambia kitu, si nakuambia?"

Jerida alicheka, akachukua andazi moja kati ya yale aliyomletea mama yake, akaondoka nalo.

*

Skolastika, msaidizi wake, alifika saa mbili akiwa amejifunga kanga mbili juu ya koti. Alichukia baridi ya ghala kama mtu anavyomchukia wifi.

"Leo ndiyo leo," alisema. "Mwenyekiti keshapiga?"

"Mara tatu."

Mwenyekiti Mpinga wa kamati ya maji alikuwa na haki ya kupiga. Programu ya mtambo wa kuchuja maji ilikuwa imeoza. Kwa wiki nane mafundi waliandika mpya, wakaijaribu, ikafanya kazi. Ilikuwa ndani ya mashine yao ndogo pale kituoni, ikisubiri nafasi ghalani, na ghala lilikuwa limejaa. Tangi la mji lilikuwa na maji ya siku mbili kwa watu elfu sita. Ufagio, yaani programu ya kufuta vifurushi ili nafasi ipatikane, ungepita saa sita mchana. Mara moja tu, kwa sababu diski zilikuwa kuukuu, na kila zilipoandikwa upya zilisogea hatua moja kuelekea kufa.

Ufagio ulikuwa kazi ya Devota. Alipokabidhiwa ghala, na diploma yake ya kompyuta ikiwa bado haijakunjwa pembe, alikuta mfumo endeshi unahifadhi kila kifurushi kizima na mizigo yake yote, hata kama vifurushi arobaini vilibeba kipande kilekile. Alivivunja vyote vipande vipande, akakihifadhi kila kipande mara moja, akakipa alama kutokana na kilichomo ndani yake. Theluthi ya ghala ikafunguka. Watu walimpigia makofi.

Hatua ya pili haikupigiwa makofi. Mfumo wa zamani uliamini kwamba kifurushi kinachovutwa kina mtu. Kwa hiyo mizimu ya soketi ilishikilia nafasi milele. Devota aliandika ukutani kwa chaki, *Kuvuta si kuishi*, akaubadilisha mfumo uhesabu wategemezi kutoka kwenye rejista ya watu walio hai. Kifurushi kisicho na mtegemezi kilipewa jina la yatima.

"Umekosea jina," Skolastika alimwambia wakati ule. "Yatima hana wa kumtegemea. Hiki hakitegemewi na mtu. Hicho si yatima, hicho ni mgumba."

"Andika yatima."

Yatima wakitosha, ufagio unaishia hapo. Wasipotosha, zinafuata programu zenye mtegemezi mmoja, kubwa kuliko zote kwanza, isipokuwa zile zilizopigwa muhuri wa uhai, yaani zile ambazo mtu akizikosa anakufa. Hakuna msamaha. Msamaha ndio uliolijaza ghala zamani, kila mkubwa na kifurushi chake cha muziki. Devota aliziba mlango huo hata kwake mwenyewe. Miaka miwili iliyopita kanuni hiyo ilichukua jicho la kusomea la Mwalimu Elisante. Alikuja kumwomba pale mlangoni, na wanafunzi kumi na wawili nyuma yake. Devota alimjibu, "Utazoea, mwalimu." Na alizoea. Sasa anafundisha kwa kukariri.

"Soma hesabu," alisema Devota.

"Programu ya maji inataka vyumba sitini na kimoja vya diski. Yatima wanatoa sitini na vitatu." Skolastika alipumua. "Dada, tumepona."

Wote wawili walijua wamepona nini, na hawakulitaja. Kifurushi kilichofuata kwenye foleni, kikubwa kuliko vyote vyenye mtegemezi mmoja, kilikuwa programu ya kusikia, vyumba ishirini na vinne. Mtegemezi: Jerida Msengi. Vifaa vya aina ile vilikuwa vitatu mjini, viwili vimeshakufa. Devota alikuwa amejua tangu siku alipoiandika kanuni. Alishawahi hata kupiga hesabu ya kukichapa kifurushi kile kwenye karatasi: rimu mia nane. Igulamo nzima haikuwa na rimu kumi.

Alipitia orodha ya yatima mara ya mwisho, kwa mazoea tu. Vingi havikuvutwa kwa miaka. Kimoja kikubwa, figo la kubeba la aina ya zamani, mashine ya kuchuja damu, vyumba ishirini na viwili, kilivutwa asubuhi ileile. Kiula Shila. Akafungua historia ya mashine, akateremka nayo siku hadi siku. Kasorobo. Kasorobo. Kasorobo. Jumanne iliyopita: kasorobo, na tena saa nane mchana.

Akaacha kuteremka.

"Nini?" Skolastika aliuliza.

"Mzimu haubonyezi swichi."

Akavuta faili la Kiula Shila. Miaka sabini na minne, amefariki. Miezi mitatu baadaye mwandishi wa ghala alikwenda kuhakiki, akaandika kwa penseli: *Nimefika. Mjane anasema Kiula yupo.* Chini yake, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa Devota mwenyewe: *Huzuni ya kawaida. Funga.*

Alivaa viatu.

"Dada, ni saa tatu na nusu."

"Ndiyo maana natembea sasa."

*

Nyumba ilikuwa nyuma ya soko la asali, mwendo wa dakika arobaini. Uani mwanamke mtu mzima alikuwa anapepeta uwele.

"Hodi hapa."

"Karibu. Sogea kivulini."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa ghalani. Mama Jerida."

"Aa. Yule anayefuta."

"Ndiye. Poleni na msiba, nimechelewa."

"Tumeshapoa. Arobaini ilipita zamani."

Devota hakuwa mtu wa kuzunguka. "Mama, nimefuata habari za mashine ya marehemu. Lile figo. Anayo nani?"

"Anayo Kiula."

Devota aliiona tena ile penseli. Akalainisha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Kiula ni marehemu, mama."

"Marehemu ni marehemu, nimemzika mwenyewe, unanifundisha?" Mama yule aliweka ungo chini, akaita kuelekea nyuma ya nyumba. "Kiula. Njoo, una mgeni."

Akatokea mwanamume wa miaka thelathini hivi, tezo mkononi, vumbi la mbao hadi magotini. Alikuwa anachonga mizinga ya nyuki. Kiunoni alifunga mkoba wa turubai, na mirija miwili ilitoka mkobani ikaingia ndani ya shati. Nyuma yake kitoto cha kike kilikuwa kimeshika suruali yake.

"Babu, twende," kilisema kitoto.

"Subiri, mjukuu wangu, nisalimie wageni," alisema babu huyo wa miaka thelathini.

Mjane alimwangalia Devota usoni, akaelewa, akaanza kucheka. "Na wewe umeingia mlemle. Siku ya arobaini sisi tunalirudisha jina. Huyu ni mtoto wa dada yake mzee, alikuwa anaitwa Manase. Tukamvika shuka la mjomba wake, tukampa fimbo, tukampa na mashine, maana ugonjwa ni uleule wa ukoo, na walikuwa wanaitumia kwa zamu hata mzee akiwa hai. Akawa Kiula. Watoto wangu wanamwita baba. Mimi nikimwita mume wangu anakasirika."

"Sikasiriki," alisema Kiula. "Nanyamaza tu."

"Alikuja mtu wenu hapa," mjane aliendelea. "Akaniuliza, Kiula yupo? Nikamwambia yupo, ameenda porini kwenye mizinga. Akaniangalia kwa huruma, akanishika bega. Nikabaki najiuliza, huyu ananishika bega la nini?"

Devota aliangalia mkoba. Ulikuwa unanguruma polepole, kama paka. "Jumanne uliizima?"

"Ilijaa vumbi la mbao. Niliizima, nikaipuliza, nikaiwasha. Nilikosea?"

"Hapana. Hukukosea." Akaionyesha mirija kwa kidole. "Ukiikosa unakwenda siku ngapi?"

"Niliwahi kwenda nne, mjomba alipozidiwa. Siku ya nne nilikuwa sijui hata jina langu."

"Lipi?" aliuliza mjane, na wote wawili wakacheka, na kitoto kikacheka kwa kuwaona wakubwa wanacheka.

"Kuna tatizo na mashine?" Kiula aliuliza.

"Kulikuwa na swali la rejista. Basi."

Hawakumwacha atoke mikono mitupu. Kiula alimletea chupa ya asali, akaifuta kwanza kwa shati lake ili isimnate.

*

Njiani alitembea haraka, kisha polepole, kisha akasimama kabisa kando ya duka la mishumaa kama mtu aliyesahau kitu.

Hesabu ilikuwa nyepesi, na hilo ndilo lililomtisha. Akifika ghalani akanyamaza, ufagio utapita saa sita. Kesho alfajiri mashine ya Kiula itaita na haitajibiwa. Ataipuliza. Ataizima na kuiwasha. Baada ya siku nne au tano watasema mashine ya mzee ilikuwa imechoka, na watakuwa wapole juu yake, kwa sababu watu wa Igulamo walishazoea mashine kuchoka. Faili litaonyesha kwamba Kiula Shila alikufa miezi minane iliyopita, na ni kweli alikufa. Hakuna mtu duniani atakayeweza kumwonyesha Devota mahali alipokosea, isipokuwa mwandiko mwekundu.

Na Jerida atarudi na kusema L yake ni bastola.

Aliingia ghalani saa tano na nusu. Skolastika alimwangalia, akaacha kusuka pindo la kanga.

"Yupo," alisema Devota, akamweleza.

"Rejista inasema amekufa."

"Rejista niliiandika mimi."

"Basi haijakosea. Mzee Kiula kafa, tena kwa umri wake. Huyo Manase hayumo hata ukurasa mmoja kwamba ana figo. Ghala halimjui."

"Skola."

"Nakwambia unachotaka kusikia, dada. Atakwambia nani mwingine?" Akasogeza kiti chake karibu na kitufe. "Nenda nje ukanywe maji. Nitabonyeza mimi. Wewe ulikwenda kwa Kiula, hukumkuta. Mimi sikuuliza."

Devota alisimama akiishika chupa ya asali kwa mikono miwili, na kwa muda wa pumzi tatu au nne hakuwa amekataa. Baadaye, kila alipofikiria siku ile, si kitufe alichokikumbuka. Alikumbuka pumzi zile.

"Fungua ukurasa wake," alisema.

Kufuta kifo kwenye rejista kulihitaji mashahidi wawili na sababu. Devota aliweka jina lake. Kwenye mstari wa sababu aliandika neno moja: *Yupo.* Skolastika aliweka sahihi yake kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Orodha ikajipanga upya yenyewe. Figo likapanda juu, likapigwa muhuri wa uhai. Yatima wakabaki na vyumba arobaini na kimoja. Mstari mpya ukaingia mwisho wa safu ya vya kufutwa, kimya kimya, kama mtu anayekaa kwenye foleni: *Programu ya kusikia. Mtegemezi mmoja.*

"Niandike mimi," Skolastika alisema upesi. "Kwenye sikio la mtoto. Wakiwa wawili halichukuliwi. Mimi nasikia vibaya, mume wangu ni shahidi."

"Halafu linafuata la nani?"

"Usiangalie."

"Nimeshaangalia. Mkono wa fundi Nkuwi. Ana watoto watano na mkono mmoja." Devota aliketi. "Mwalimu Elisante aliniletea watu kumi na wawili wa kuandikwa, Skola. Watoto. Niliwafukuza pale mlangoni."

Redio ya upepo ilikoroma. "Mama Jerida." Sauti ya mwenyekiti Mpinga. "Tangi limebaki nusu mita. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Kuna shida?"

"Kulikuwa na hesabu moja imekosewa. Imerekebishwa."

"Hewaa. Mungu akubariki mama yangu, sijui mji huu ungekuwa wapi bila wewe."

Devota alizima redio. Skolastika alisema shule ni dakika kumi tu, akimbie amwite mtoto, angalau aulizwe. Devota alitikisa kichwa.

"Sikio ni lake, dada. Si lako."

"Najua ni lake."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu atajibu."

Saa sita kamili alibonyeza. Ufagio ulichukua sekunde arobaini. Programu ya maji ikaingia mahali palipofagiliwa, na kupitia ukutani walisikia pampu zikibadilisha sauti, kutoka kukohoa hadi kuimba. Huko nje mtu alipiga makofi. Skolastika alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Usilie karibu na makabati," alisema Devota. "Unyevu."

*

Jerida alirudi saa kumi na moja jioni, chaki kwenye sketi, na alipoona asali mezani akatia kidole.

"Nani katupa?"

"Mtu mmoja. Kaa."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ndiyo shida yenyewe. Kaa."

Devota alimwambia kama anavyotoa taarifa ya hitilafu: kilichotakiwa, kilichokuwepo, kilichokosewa na nani, kilichofanyika, saa ngapi. Hakutaja jina la mtu. Alisema mtu mmoja, mwenye figo. Jerida alisikiliza kidole kikiwa bado mdomoni, kisha akakitoa, akakifuta kwenye sketi.

"Chaji ya leo ikiisha?"

"Haliwaki tena."

"Hata nikichaji?"

"Hata ukichaji. Hakuna cha kuvuta."

"Imebaki ya saa tatu." Aliangalia saa ya ukutani. "Ulijua saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Nilikuwa kwenye kipindi cha jiografia. Ungekuja."

"Ningekuja."

"Ungeniuliza."

"Ungesema nini?"

Jerida alifungua mdomo. Devota alimwona akilitafuta jibu, akilishika moja na kuliachia, akishika jingine, na uso wake ukazeeka mbele ya mama yake.

"Unaona," Devota alisema. "Ungesema nimfute yule mtu, ungeishi na hilo. Ungesema nifute sikio, ungekuwa umejitoa mwenyewe ukiwa na miaka kumi na minne, na siku ukijuta, ungemlaumu nani? Sasa una wa kumlaumu. Niko hapa, siendi popote."

"Hata hilo umelipigia hesabu."

"Ndiyo."

"Kila kitu unakipigia hesabu."

Nje jirani alikuwa anafungulia bomba kujaribu maji mapya, na maji yaligonga ndoo tupu kwa kishindo. Jerida aligeuza kichwa kuifuata ile sauti mpaka ndoo ilipojaa na mlio ukawa mwembamba. Devota aliijua kazi aliyokuwa anaifanya. Alikuwa anaweka akiba.

Kulikuwa na neno moja tayari mdomoni mwa Devota, lile alilompa mwalimu pale mlangoni, na lilikuwa limekaa pale kwa wepesi wote wa neno lililozoeleka. Akalirudisha. Akatafuta jingine. Hakuwa na mengi ya aina hiyo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amemwambia mtoto huyu oga, kula, nenda shule, weka hapo, na aliamini kwamba mengine yalikuwa humo ndani.

"Jerida, mwanangu," alianza. "Nisikilize. Mimi..."

Jerida alipeleka mkono nyuma ya sikio. Kifaa kilitoka na mlio mdogo, ambao Devota peke yake aliusikia. Akakiweka mezani kando ya asali, akakigeuza kifudifudi, taa yake ndogo ikawaka mara mbili na kuzimika.

Saa tatu nzima zilikuwa zimebaki ndani yake.

Kisha mtoto akainua mikono, akauliza kitu. Devota hakuelewa. Jerida akarudia polepole zaidi, kwa uvumilivu aliouweka kwa watoto wake wa darasa la kwanza, na Devota bado hakuelewa. Mwishowe akachukua penseli, akaandika nyuma ya daftari la jiografia, akalisukuma daftari mezani.

*Anaitwa nani?*

Devota alifungua mdomo, akaufunga. Akainua mkono wa kulia. K. Ilikuwa nzuri. I. Halafu vidole vikasimama hewani, viwili vimenyooka, kimoja kimekunjika, kisha vyote vikakunjika, vikitafuta herufi ambayo kwa wiki sita hakuipatia muda.

Jerida alikuwa anaangalia vile vidole. Hakumsaidia.

Devota alishusha mkono, akaufuta jasho kwenye gauni, akaanza tena kwenye K.